Mwaka Tulioposa Kazi

Tulimzika Mzee Githinji kule Kabazi siku ya mvua, na hata kabla wanaume hawajamaliza kurudisha udongo, simu ilitetemeka mkobani mwangu. Nikaichungulia chini ya mwavuli. Kijana mmoja nisiyemjua alikuwa ameniandikia kwenye ule mtandao wa watu wa kazi: "Mheshimiwa Bwana, natumai ujumbe huu unakupata ukiwa buheri wa afya. Mimi ni mchapakazi mwenye ari na bidii. Naomba unifikirie kwa nafasi yoyote." Bwana! Picha yangu iko pale, nimevaa hereni na kilemba. Kazi yangu ya kusimamia maabara katika kiwanda cha maziwa imeandikwa pale pale chini ya jina. Na nafasi yoyote ndiyo nafasi gani? Ya kuosha matangi au ya mkurugenzi? Napokea maneno kama haya kila wiki, yote yamefanana kama vifaranga, na naapa nikisoma tena neno "ari" nitaitupa simu kwenye choo cha shimo. Wanja, binti yake Mzee, alikuwa amesimama kando yangu, akaniona nilivyokunja uso. "Ni nini?" akaninong'oneza. Nikamwambia ni mtu anatafuta kazi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini akacheka kidogo. "Si ungemwitia Baba amsemee," akasema. Sikujua nicheke au nimfinye, kwa sababu yeye anajua kuliko mtu yeyote jinsi baba yake alivyonisemea mimi.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza chuo. Nilikuwa nimesomea teknolojia ya maziwa, nikapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mzee Githinji, Kiamunyi, nje kidogo ya mji, wakati bado kulikuwa na mahindi katikati ya nyumba na ng'ombe wakifungwa mahali ambapo leo pana duka la vigae. Nyumbani kwetu walikuwa wamekata shauri: mwaka ukiisha sijapata kazi, Januari naenda Londiani, kwenye chekechea ya shangazi, kuwafundisha watoto kuimba. Siwachukii watoto. Lakini nilikuwa nimetumia miaka yangu kusoma kwa nini maziwa huganda na kwa nini mengine hukataa kuganda, na kila nikifikiria kuimba "kuku wangu wa manjano" mbele ya watoto wenye makamasi, nilizitoa tena karatasi zangu za chuo na kuzipanga upya. Kwa hiyo kazi niliitaka sana, na niliitaka maabara, si kwingine. Chumba changu kilikuwa na mlango wa bati na dirisha lililotazama jiko la Mama Wanja, kwa hiyo kila jioni nilijua wanapika nini na wanasema nini. Mara nyingi walikuwa wanapika githeri, mahindi kwa maharage, na kunisema mimi.

Wakati huo ndipo huu mtandao ulipokuwa umeanza kuvuma kwetu. Tuliambiwa kazi hazipatikani tena kwa kupeleka bahasha kwa askari wa lango. Siku hizi unamwandikia mkubwa moja kwa moja, naye anakujibu. Nikaenda mafunzo katika ukumbi wa hoteli moja mjini, ambapo kijana mwenye suti ya kubana alituonyesha ukutani jinsi ya kuandika ujumbe wa kujitambulisha. Ulikuwa ujumbe mmoja. Sisi sote ukumbini tukaunakili neno kwa neno, tukamshangilia, tukanywa soda, tukatoka nje na kuanza kuutuma kabla hata hatujafika barabarani. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje mkubwa mmoja akipokea ujumbe ule ule kutoka kwa ukumbi mzima. Niliutuma kwa kila mtu aliyekuwa na neno "maziwa" kwenye jina la kazi yake, kisha kwa wenye neno "chakula", kisha, nilipoanza kukata tamaa, kwa mtu wa kiwanda cha simiti. Nikisema nilikaa kimya nikisubiri nitakuwa nadanganya; nilikuwa nafungua simu hata nikiwa bafuni. Aliyenijibu ni mwanamume mmoja tu, na jibu lake lilikuwa "Sasa mrembo".

Siku hiyo niliingia kwa kina Mama Wanja nikiwa nimenuna. Sebule yao naikumbuka yote: vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kalenda za makanisa na za agroveti, maduka ya dawa za mifugo, zilizotundikwa moja juu ya nyingine, na chupa ya chai ambayo haikuwahi kuwa tupu. Mzee alikuwa karani aliyestaafu, lakini kazi yake hasa ilikuwa posa. Watu wa Kiamunyi mpaka Njoro wakitaka kwenda kuposa, walimfuata yeye awe msemaji wao. Alikuwa na kofia ya kazi hiyo. Akaniuliza kwa nini nimefura, nikamweleza, akasema, "Hebu soma hiyo umeandika." Nikamsomea. Akatafuna githeri yake polepole, akameza, akafuta mdomo.

"Sasa hapa umesema nini?"

"Nimeomba kazi, mzee."

"Umeitisha kazi na hujafika hata kwa mlango. Huyu mtu anakujua?"

"Hanijui. Ndiyo maana nimemwandikia."

"Kama hakujui, siku ya kwanza unaenda kujua boma. Unasalimia. Unakunywa chai. Ukiulizwa ni nini imekuleta, unasema ulikuwa unapita tu ukaona boma ni safi. Msichana hatajwi. Ukitaja msichana siku ya kwanza, utafukuziwa mbwa."

"Mzee, hawa ni watu wa ofisi. Hawana wakati wa hizo salamu."

"Mtu hana wakati ya kusalimiwa," akasema, "atatoa wapi wakati ya kukuandika kazi?"

Nilimwona kama mtu anayetaka kupanda mahindi kwa kitabu cha nyimbo. Lakini Mama Wanja aliniongezea nyama kwenye sahani, na mtu akishaongezewa nyama hawezi kubishana sana. Kwa hiyo nikamwacha anitungie. Akanitungia ujumbe kwa mkurugenzi wa kampuni moja ya chakula cha mifugo: amemsalimia yeye na jamaa yake, ameuliza kama mvua imefika upande wao, amewatakia heri wafanyakazi wote, akamaliza kwa kusema tulikuwa tunapita tukaona ni vyema kusalimia. Nikautuma kwa ukorofi, nimwonyeshe ujinga wake. Asubuhi yule mkurugenzi akajibu! "Asante. Mvua ipo. Wewe ni nani, na mnataka nini?" Mzee alifurahi kama amepewa mbuzi. "Unaona? Mlango umefunguka! Sasa mwambie hatutaki kitu, tulikuwa tunasalimia tu." Na mimi, sijui nilirogwa na nani, nikaandika hivyo hivyo. Yule mtu hakuandika tena mpaka leo. Jioni hiyo nikiwa nimelala nikitazama bati, nikawasikia jikoni. "Huyu msichana hana uvumilivu," Mzee alisema. "Anaitisha kazi kama mtu anaitisha chapati hotelini." Mama Wanja akamjibu, "Na wewe unaitisha kama mtu ameshiba."

Nikiwa mtu mzima nimesoma mafundisho mengi ya jinsi ya kuwaandikia wakubwa, na kila nikiyasoma naona waandishi wake wamegawanyika kati ya yule kijana wa suti na Mzee Githinji. Mmoja anakwambia jisifu mpaka mwisho. Mwingine anakwambia salimia mpaka mwisho. Ujumbe ulionifungulia mlango mimi niliuandika kwa hasira, tena njaa ikiwa inaniuma. Nilikuwa nimenunua pakiti ya mala, maziwa ya kuganda, dukani nile na ugali, nikaikata, nikakuta maji yamejitenga juu, na chini kumebaki mabonge. Tarehe ya kuharibika ilikuwa bado mbali. Nikarudi dukani nikachukua nyingine, ikawa vivyo hivyo. Kesho yake nikiwa mjini nikanunua ya kampuni ile ile, ya tarehe ile ile, nayo ilikuwa laini kabisa. Nikakaa chini nikamtafuta mkuu wa ubora wa kiwanda hicho, kilichokuwa upande wa Naivasha. Alikuwa mama mmoja, Madam Nafula. Nikamwandikia: "Madam, mimi ni Chelimo, nimesomea maziwa. Mala yenu ikifika Kiamunyi inajitenga maji, lakini ya mjini haijitengi. Nadhani inapakiwa kabla haijapoa sawasawa, kisha barabara yetu inaivuruga. Mmeshawahi kuijaribu?" Basi. Sikumwambia nina ari. Sikumuuliza kuhusu mvua.

Alijibu kabla ya chakula cha mchana. "Kwa nini unadhani ni barabara na si friji ya duka?" Nikamweleza kwamba duka lina friji mpya na nilikuwa nimeshika pakiti zenyewe kwa mkono. Akauliza tena. Nikajibu tena. Tukaenda hivyo majuma kadhaa, yeye akiuliza kama mwalimu mkali, mimi nikiandika maneno machache na kuyafuta na kuyaandika upya, kwa sababu nilijua mtu mwenye kazi husoma akiwa amesimama. Nilipomwambia Mzee, alipiga paja lake. "Si nilikwambia? Hukuitisha kazi! Ulienda kujua boma!" Nilitaka kupiga kelele. Hakunisaidia hata kwa nukta, na bado alikuwa amepata pa kujisifu, na kibaya zaidi ni kwamba kweli kazi sikuiomba. Ndipo siku moja Madam Nafula akaandika mwenyewe: "Tunatafuta mwanafunzi wa maabara, ataajiriwa baada ya miezi michache. Tangazo nitaliweka wiki hii. Tuma makaratasi kama wengine. Jina lako nalijua." Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa kuanikia nguo, nikaruka mpaka kuku wakakimbia.

Kosa ni kwamba nilikwenda kuusoma mezani. Ilikuwa mukimo siku hiyo, viazi vilivyopondwa na mboga. Mama Wanja alipiga kigelegele. Wanja, ambaye alikuwa kidato cha nne na aliyeshika simu kuliko vitabu, akasema, "Umeomoka!" kama vijana wanavyomwambia mtu aliyefanikiwa.  Mzee aliweka kijiko chini, akatazama ukutani kwenye zile kalenda, na nikajua kwamba anafikiri, nami nikadhani anafikiria kunipongeza. Sikujua kwamba siku chache kabla Wanja alikuwa amemfungulia baba yake ukurasa kwenye ule mtandao. Aliweka picha aliyopigwa kwenye harusi, amevaa ile kofia, na mahali pa kazi ameandika "Msemaji".

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafua. Simu ikaanza kutetemeka juu ya jiwe, ikatetemeka mpaka ikaanguka kwenye povu. Niliipangusa nikaifungua. Tangazo la Madam Nafula lilikuwa limewekwa, safi, lenye nembo ya kiwanda, na chini yake, mbele ya macho ya wakubwa wote wa maziwa wa nchi hii, kulikuwa na Kiamunyi nzima. Mzee ndiye aliyeanza: "Madam, tunakusalimu sana. Sisi ni watu wa Chelimo. Tumekuja rasmi." Akafuata mwenyekiti wa wazee wa kanisa: "Namjua huyu msichana. Hanywi, hachelewi. Ingawa yeye ni Mkalenjin na sisi ni Wakikuyu, ni mtoto wetu." Mwalimu wa kwaya akaandika kwamba sauti yangu ni ya pili. Mama mmoja akaweka picha nikigawa chai matangani. Wengine waliandika "Amina" tu, na wengine wakaitikia Amina hizo. Fundi wa kinu cha unga akamaliza: "Mpe kazi Mungu atakubariki. Na kijana wangu ni mekanika, hamna nafasi?"

Nilikimbia mpaka sebuleni na povu mikononi. Wote walikuwa humo. Wamejipanga kwenye vile viti vya vitambaa, wamevaa nguo za Jumapili, wameshika simu mbali na macho, wanakunywa chai. Mama Wanja alikuwa amepika hata chapati. Walipendeza, Mungu anisamehe, walipendeza kama watu waliofika kwenye boma la watu na wakakaribishwa vizuri.

"Mmefanya nini?" nikasema. "Mzee, mmefanya nini?"

"Tumepeleka watu," akasema. Alikuwa na furaha. "Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mtu haendi kuomba kitu kubwa peke yake kama mwizi."

"Futeni! Kila mtu afute sasa hivi!"

"Kufuta?" Mwenyekiti aligeuka akamtazama Mzee. "Neno nimesema mbele ya watu nilifute?"

"Hii si posa! Hii ni kazi! Huko mtu anaenda peke yake!"

"Keti ukunywe chai, Chelimo," Mama Wanja akasema kwa upole. "Umelowa."

Sikuketi. Wanja, ambaye angalau alikuwa ameanza kuogopa, akanisaidia kuwafutia wachache. Lakini wazee wengine walikuwa wamesahau jinsi walivyoingia, na fundi wa kinu alikuwa ameshaondoka na simu yake kwenda kulisha ng'ombe.

Jumatatu Madam Nafula alinipigia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake. Ilikuwa nzito na ya upole, nayo ilinikata kuliko kama angenitukana. "Chelimo, hao watu wote ni nani?" Nikamwambia ni wenye nyumba niliyopanga na watu wa kanisa lao. Nikamsikia akifunga mlango. "Sikiliza. Uliingia kwa swali lako. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Lakini sasa bosi wangu amesoma, na kila mtu hapa amesoma, kabila limetajwa, kanisa limetajwa. Nikikuchukua watasema umeletwa. Hata ukiwa bora kuliko wote watasema umeletwa. Unanielewa?" Nikasema naelewa. "Usiache kuuliza maswali," akasema, kisha akakata. Nilibaki nimeshikilia simu nikitazama kamba ya nguo. Nilikuwa na kazi Jumamosi, na Jumatatu sikuwa nayo, na hapakuwa na adui hata mmoja wa kumlaumu.

Nilimwambia Mzee jioni, mbele ya chakula, na sikumpunguzia neno. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo kuwa na mtu wa kukusemea," akauliza, "huko ni makosa?" Nikamwambia ndiyo, huko ni makosa. Akasukuma sahani. "Basi hiyo ni dunia gani?" Nikainuka nikaenda chumbani kwangu. Baadaye nikawasikia jikoni, lakini safari hii walikuwa wanaongea Kikuyu, chini chini, na sikutaka kujua wanasema nini. Januari nikaenda Londiani. Niliimba kuhusu kuku wa manjano kwa mwaka mzima, nikitoa makamasi ya watoto wa watu, na usiku nikiwaandikia wakubwa wa maziwa swali moja moja, bila kumwambia kiumbe yeyote. Mmoja akajibu, kisha mwingine, na hivyo ndivyo nilivyofika nilipo. Nilikuwa nikipita Kiamunyi kuwasalimia. Nilikula chakula chao. Lakini mwaka ule ulibaki kooni, na kila nilipomwona Mzee nilikuwa nasubiri aniambie pole. Hakuwahi kuniambia pole. Nilijitungia hata jibu la kumpa siku atakapolisema neno hilo, jibu zuri, lenye makali yake, na kila mwaka nililinoa.

Mwezi mmoja kabla hajafa Wanja alinipigia, akasema baba ananiulizia. Walikuwa wamehamia shamba lao la Kabazi. Nilimkuta kitandani karibu na dirisha, amekonda, kichwa kimekuwa kidogo. Mama Wanja alinipa kikombe cha uji na kutuacha. Mzee aliulizia watoto wangu. Aliuliza kama mvua imefika kwetu. Aliuliza maziwa yanauzwaje, na gari langu, na mume wangu, na baridi ya ofisini, akazunguka boma lote bila haraka, mpaka nikaanza kuchoka. Kisha akasema, "Yule madam. Alisoma yale maneno yote?"

Nikaweka kikombe chini. "Aliyasoma, mzee. Hata bosi wake aliyasoma."

"Hata ya fundi wa kinu?"

"Hata yake."

Akavuta blanketi. Nikaweka mgongo sawa, jibu langu likiwa limefika kwenye ulimi.

"Hiyo ni mzuri," akasema. "Ulikuwa peke yako sana huko nyuma kwa hicho chumba. Sikutaka wafikirie ati huna kwenu." Akageukia ukuta ili alale.

Nikainua kikombe, nikanywa uji wote.